Nguruwe wa mjomba nao wana vidonda vya tumbo

Jumamosi mjomba kachinja nguruwe wawili hapa Uyole, mimi ndo nlikuwa nashika beseni. Daktari wa mifugo aliyekuja kukagua nyama akapasua tumbo la mmoja, akanionyesha pale chakula kinapoingilia kutoka kooni, kuna kidonda kama sarafu ya mia mbili hivi, kingo zimevimba. Nikashtuka sana, maana mi nlijua vidonda vya tumbo ni vya watu tu.

Akaniambia nguruwe wanapata sana. Chakula kikisagwa laini kupita kiasi ni shida, wakibanana bandani, wakikaa na njaa muda mrefu, alafu kuna na bakteria wa tumboni kwao anaitwa Helicobacter suis.

Helicobacter! Hilo jina nalijua, mwaka wa pili huu tumbo linanichoma, nimepima pylori (Helicobacter pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo kwa watu) kwenye kinyesi mara mbili hakuna kitu, napewa omeprazo ya kupunguza asidi tumboni, inatulia, dozi ikiisha maumivu yanarudi palepale. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nafuga nini.

Usiku sikulala, nikasoma. Kumbe kabla madaktari Marshall na Warren hawajampata pylori kwa watu kule Perth, Australia, miaka ya 80, Mwitaliano Bizzozero alishawaona bakteria waliojisokota kwenye matumbo ya mbwa mwaka 1893! Mbwa na paka wana wa kwao, felis, bizzozeronii, salomonis, heilmannii, na wengi wanaishi nao bila kuumwa, kwa hiyo tafadhali msije mkafukuza mbwa wenu kwa sababu yangu. Huyu suis wa nguruwe alisumbua sana kumwotesha maabara mpaka watu wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wakafanikiwa, wakatangaza 2008, na siri ilikuwa asidi, yani kile ambacho bakteria wengine kinawaua yeye ndo anakitaka.

Kwa binadamu hawa wa wanyama ni wachache, kwenye vipande vya tumbo vilivyopimwa wanaonekana kwa asilimia 0.2 mpaka 6 hivi, na suis ndo anaongoza. Pylori bado ndo mkubwa wao. Ila wanafanya ukuta wa ndani wa tumbo uvimbe, wanaleta vidonda, na hata ile saratani ya limfu ya tumboni inayoitwa MALT, na wapo wagonjwa ambao saratani hiyo imenywea baada ya kupewa antibaiotiki tu, hapo nlisoma mara mbili mbili.

Sasa kilichoniuma ni vipimo. Kipimo cha kinyesi kimetengenezwa kwa ajili ya pylori, na cha kupuliza pumzi mara nyingi kinawakosa hawa kwa sababu wanakuwa wachache na wamekaa madoamadoa, huku wapo pale hawapo. Mtu anaambiwa huna kitu anarudi nyumbani na maumivu yake. Kinachowaonyesha ni endoskopia, yani ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni, wakate vipande wavitazame kwa hadubini, wanaonekana warefu wamejisokota kama springi ya godoro, pylori yeye kajipinda kidogo tu.

Sisemi ninaye, sijapimwa. Ila miaka mitatu nasafisha banda mikono mitupu, nikitoka hapo nakunywa chai, na tafiti zinaonyesha wanaokaa karibu na nguruwe, mbwa na paka wako kwenye hatari zaidi. Kitimoto kikiiva vizuri sina wasiwasi nacho, ila kule Ubelgiji walimkuta kwenye nyama mbichi ya nguruwe ya kusaga inayouzwa dukani, kwa hiyo ubao wa kukatia nyama na wenyewe nauosha kwa sabuni na maji ya moto siku hizi kabla sijakatia kachumbari.

Alhamisi naenda endoskopia. Nimeandika kwenye karatasi kabisa, nafuga nguruwe, naomba vipande vikatwe sehemu zaidi ya moja. Mjomba naye keshaongea na fundi wa mashine abadilishe chekecheo, pumba na mahindi yatoke na chenga.