Hindi lipo, wa kulipukuchua hayupo

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, tulimwita mdogo wangu mvivu, na mimi dada yake ndiye niliyelikoleza jina hilo. Akitumwa maji, ndoo moja ataitua mara tatu kabla hajaufikia mlango. Akiingia uwanjani na wenzake, haipiti muda ameketi, kashika mapaja, anauma meno. Mama akasema ni jicho la watu. Kombe likaandikwa, akanywa.

Alikuwa na miaka 19 siku aliyopakia mifuko ya saruji kwenye lori. Vidole vilikaza visikunjuke. Jioni akaniita uani, sauti ya chini: "Dada, njoo uone." Mkojo kwenye kopo ulikuwa kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Kituo cha kwanza tulipewa dawa ya malaria, tukarudi nyumbani.

Daktari aliyetusaidia alimuuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kumuuliza: "Ukipumzika kidogo, kisha ukaendelea polepole, inakuwaje?"

"Inafunguka!"

Daktari akaweka kalamu chini.

Damu ilipelekwa kupimwa nje ya nchi, majibu yakarudi na jina: ugonjwa wa McArdle. Brian McArdle, daktari wa London, aliueleza mwaka 1951. Alikuwa na mgonjwa wa miaka 30 ambaye hata akifanya mazoezi, asidi ya laktiki, ambayo msuli huitoa unapochoma sukari yake kwa kasi, haikupanda kwenye damu yake.

Msuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Kimeng'enya kiitwacho miofosforilesi ndicho kinachoipukuchua, punje moja moja, kama bibi na hindi lake kwenye ungo. Mdogo wangu hana kimeng'enya hicho. Amerithi jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama, nao wenyewe wazima kabisa. Misuli yake imejaa sukari ambayo haiwezi kuitumia. Akiilazimisha, inavunjika, na ile rangi ya chai ni protini ya msuli inayopita kwenye figo, ambazo zinaweza kufeli. Nilikuwa nikimwambia "jikaze". Neno hilo lingeweza kumuua mdogo wangu.

Ini lina kimeng'enya chake lenyewe, na cha mdogo wangu ni kizima. Ndiyo maana akivumilia dakika kama kumi za mwanzo, damu humletea msuli sukari ya ini pamoja na mafuta, maumivu yakapungua. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Kikombe cha chai yenye sukari muda mfupi kabla ya kutoka humsaidia kidogo.

Siku hizi jioni tunatembea kwenda Raskazone. Jana dakika ya sita alisimama, akaegemea ukuta, mimi nikasimama naye bila kusema kitu. Nikamtazama akikunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena. Akapiga hatua ndogo kama kumi.

"Imefunguka, dada. Twende."

Tulipoanza kuiona bahari, alikuwa kanitangulia.