Umeme unakujaka usiku, masomo yanaanza asubui

Kwa wale wenye hawanijui, mi nafundisha primeri hapa Bukavu, na miaka yote nilikuwa nafundisha apremidi, yaani watoto wanaingia saa saba kasoro na wanatoka saa kumi na moja na kitu. Shule yetu iko na zamu mbili kama shule mingi za huku, juu watoto ni wengi, hasa tangu primeri imekuwa ya bure mwaka 2019, madarasa hayatoshi, basi wengine wanaingia asubui na wengine mchana ndani ya darasa lile lile. Alafu mwezi wa tisa, siku chache mbele ya masomo kuanza, direkteri akaniita akasema mwaka huu Madamu utachukua la kwanza, zamu ya asubui. Nikasema sawa. Nikatoka, nikasimama kwenye ngazi, nikaanza kuhesabu. Watoto wanaimba mbele ya bendera kuelekea saa moja na nusu, mwalimu anapashwa kuwa amefika saa moja, mi naishi Panzi na shule iko upande wa Nyawera, kwa hiyo kuamka ni saa kumi na moja. Na saa kumi na moja ya asubui, wakati ule, mi nilikuwa na masaa mawili tu tangu nifunge macho.

Sikuwa nakesha juu ya kupenda raha. Kwetu umeme unakujaka usiku. Mwenye kuishi hapa ananielewa, mchana hakuna, jioni wakati watu wanapika hakuna, alafu saa nne ao saa tano ya usiku unasikia watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele ya furaha na taa zinawaka zote mara moja, na pale njo kazi inaanza, mwenye pasi anapiga pasi, fundi wa nguo anafungua masini yake, kila mtu anatafuta priza ya kuchajia telefone. Na tuko na mto Ruzizi hapa chini, yenye kuwa na baraji tangu mbele ya uhuru na ya pili tangu mwaka 1989, hiyo ya pili tunagawana moto wake, yaani umeme, na Rwanda na Burundi. Hiyo ni hadithi ingine, lakini inaniumaka nikiiwaza. Mi kazi yangu ya usiku ilikuwa kuandikia wanafunzi wa univerisite TFC na memwari zao, yaani vile vitabu vya kumaliza masomo, wananiletea makaratasi ya mkono, mi napiga kwenye ordinateri, napanga meza na kurasa, natafuta vitu kwenye intaneti na mega (bando) za usiku juu ni za bei chini. Mshahara wa mwalimu munaujua. Hizo TFC njo zililipa nyumba, njo zilisomesha mdogo wangu.

Basi wakati mtu ananiambia wenye kulala mpaka saa nne ya asubui ni wavivu, moyo unaniuma kabisa. Mama yangu mwenyewe, ni mtu wa asubui tangu kuzaliwa, anaamka bila reveye anafagia lupango kungali giza, anasemaka usingizi wa mchana ni wa mgonjwa. Lakini mama alikuwa amelala wakati mi niko nafanya kazi ya masaa sita mfululizo. Nusu ya muji huu inafanya kazi usiku juu moto uko usiku, haiko uvivu.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa lenye nafikiri wengi wanalifanya, nilisema basi nitalala saa mbili ya usiku. Nikakula mapema, nikaingia kitandani saa mbili, nikabaki naangalia mabati mpaka saa saba ya usiku. Kila siku. Nageuka huku, nageuka kule, nahesabu masaa yenye yamebaki, na kadiri nahesabu njo usingizi unakimbia. Nikaanza kufikiri labda nina ugonjwa.

Njo pale nilikumbuka kitu. Mwaka mmoja mbele nilikuwa nimeandikia mwanafunzi mmoja wa uforomo, yaani unesi, TFC yake juu ya usingizi wa waforomo wa zamu ya usiku, niliiandika yote, kurasa zaidi ya 40, saa nane ya usiku, bila kuwaza ata mara moja kwamba inaniongelea mi. Ilikuwa ingali ndani ya ordinateri nikaifungua tena. Inaeleza kwamba ndani ya kichwa, huko nyuma ya macho, kuko sehemu ndogo sana yenye kuongoza saa ya mwili, na sehemu ile inapokea habari ya mwangaza kutoka kwenye macho, na kwa watu wengi saa hiyo inazidi kidogo masaa 24, njo maana kuchelewa kulala kunakuja kwenyewe lakini kuwahi kulala ni kama kupanda mlima wa Kadutu na gunia kichwani. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata tuzo ya Nobel juu ya kazi yao yenye ilionyesha namna saa hiyo inatembea ndani ya seli, walichunguza vijinzi vya matunda, vile vidogo vyenye vinazunguka ndizi zikiiva. Nilipanga majina yao mimi mwenyewe kwenye ukurasa wa marejeo. Na sasa nilisoma kama mtu mwenye kusoma barua yake: usiulazimishe mwili kulala, ulazimishe kuamka saa ile ile kila siku na uupatie mwangaza wa asubui, saa ya kulala itajivuta yenyewe kidogo kidogo.

Lakini kujua haiko kufanya. Wiki ya tatu mvua ilinyesha alfajiri, munajua ile mvua ya mwezi wa kumi juu ya mabati, nilizima alarmu nikasema dakika tano. Nilikuja kuamka saa moja na dakika ishirini. Nilikimbia, nikapanda pikipiki, motari alikimbia mpaka niliogopa, na kufika nilikuta watoto wangu 58 wamesongamana kwenye ukuta mbele ya darasa, wengine wamelowa, juu ufunguo wa darasa ulikuwa ndani ya sakoshi yangu. Watoto wa miaka sita. Hakuna mwenye alinigombeza siku ile, ata direkteri alinyamaza. Kamoja kakaniuliza, Madamu ulikuwa unagonjwa? Nilikosa jibu. Niliwafungulia, tukapanguza mezabanki, tukasoma silabi zetu ma me mi mo mu, na niliapa ndani ya roho kwamba hiyo haitarudi.

Kitu cha kwanza nilifanya, niliondoa ampuli ya chumba changu. Hapa kwetu tunaachaka suichi zimewashwa ili tujue umeme umerudi, basi kila usiku, ata kama nimefaulu kulala saa nne, ikifika saa tano ao saa sita ampuli inaniwakia usoni kama jua na mwili wangu unasimama, umezoea miaka sita kwamba ile taa maana yake ni kazi. Nilifungua ampuli nikaiweka ndani ya kabati. Telefone na ordinateri nikapeleka sebuleni, mdogo wangu njo anazichaji. Kitu kidogo vile, lakini naamini kilinisaidia kuliko alarmu tatu zenye nilikuwa naweka.

Saa ya kulala sikuilazimisha tena. Nilikuwa nalala saa saba ya usiku, nikashusha mpaka saa sita na nusu, nikabaki hapo siku ine ao tano, alafu saa sita, alafu tano na nusu. Ilichukua karibu wiki saba kufika saa nne na nusu na ile njo imebaki saa yangu mpaka leo. Kuamka ilikuwa saa kumi na moja tangu siku ya kwanza, ata siku yenye nimelala masaa matatu, na hizo wiki mbili za kwanza zilikuwa za mateso, nisidanganye mtu, niliwahi kuandika neno moja mara tatu ubaoni na watoto wakanisahihisha.

Kahawa niliihamisha. Tuko na ndugu kwenye kisiwa cha Idjwi wanatuletea kahawa ya shamba yao, na mi nilikuwa nakunywa vikombe vitatu, cha mwisho saa nne ya usiku ili nimalize kazi. Kahawa ya saa kumi ya mchana, karibu nusu ya nguvu yake ingali ndani ya damu saa tatu ya usiku. Sasa nakunywa kimoja asubui na kimoja nyuma ya masomo, basi. Na usingizi wa mchana, nilikuwa narudi saa saba nalala mpaka saa kumi, ile njo ilikuwa inavunja yote. Nilisema dakika 25, naomba mama aniamshe, na mama hana huruma kwenye jambo hilo.

Lakini njia ya asubui njo ilinibadilisha kabisa. Mwanzoni nilikuwa napanda taksi moja kwa moja, macho nusu yamefungwa. Alafu nikaanza kutembea kwa miguu kipande cha kwanza, mpaka pale panaitwa Essence. Sitoki kukiwa giza, mwanamke peke yake hapana, nangoja mpaka kuanze kupambazuka kidogo, na huku kwetu jua linatoka karibu saa kumi na mbili mwaka mzima halibadiliki sana, natembea pamoja na mama wa jirani wenye wanaenda soko. Jua linatokea upande wa Rwanda, nyuma ya milima, kwanza mbingu inakuwa ya maziwa alafu ya manjano, na ule mwangaza ukinipiga usoni naona ukungu wa kichwa unatoka. Ata siku ya mawingu, mwangaza wa nje unashinda mbali taa ya nyumba. Mbele zaidi tunakutana na mama wa sambaza, beseni kichwani, samaki zingali zinang'aa, zimetoka ziwani usiku ule ule. Nawaza sana wavuvi wale. Wanashinda usiku mzima juu ya maji na taa zao za kuvuta sambaza, na wakati mwezi umejaa taa hazivuti muzuri basi wanapumzika, yaani usingizi wao unafuata mwezi. Mi napita naenda kazi, wao wanarudi kulala. Nawasalimia moyoni kama ndugu, juu mi nilikuwa wao.

Kweli usiku naukosa. Kuna utulivu fulani wa saa nane ya usiku Panzi, mbwa wamenyamaza, unasikia tu vidole vyako kwenye ordinateri, ule utulivu asubui hauna. Na pesa naikosa pia, nilikataa TFC karibu kumi tangu mwezi wa kumi, wanafunzi wengine walikasirika, mmoja aliniambia nimekuwa mkubwa. Ilinichoma.

Siku ya yenga, yaani jumapili, njo ingali ngumu. Posho (jumamosi) usiku kuna maombi ya kukesha, kuna ndugu, kuna umeme, na nikilala mpaka saa tatu siku ya Mungu, siku ya kwanza, yaani jumatatu, naamka kama nimepigwa. Sasa nalala mwisho saa tano na naenda misa ya kwanza.

Kitu chenye sikutegemea ni darasani. Niko na watoto wawili wenye wanasinzia kila asubui, zamani ningesema hawa wanacheza na masomo. Sasa nawauliza kwanza, ulilala saa ngapi? Mmoja, mama yake anapika mandazi ya kuuza wakati umeme unakuja, na wanalala chumba kimoja na taa. Mtoto wa umri ule anahitaji masaa 9 mpaka 12. Nilienda kuongea na mama yake, sikumhukumu, nilimweleza ile hadithi ya ampuli yangu. Akatundika kitenge kati ya kitanda na meza. Mtoto bado anasinzia siku zingine lakini ameanza kusoma silabi mpaka mwisho wa mstari.

Wakati wa TFC mingi unakaribia sasa, na nimepatana na mdogo wangu, yeye ni wa miaka 19 na usiku haumsumbui, ameshajua kupanga meza na kurasa. Yeye ataandika saa umeme unakuja, ataacha ordinateri kwenye meza ya sebule, na mi nitasahihisha kurasa kumi kila siku kutoka saa kumi na moja mpaka saa kumi na moja na nusu, alafu naoga naenda.