Fidla yangu ilikuwa na sauti butu, kumbe kasoro ilikuwa kwenye mbao

Alhamdulillahi, fidla ya tatu niliyoitengeneza mwenyewe imelia! Naandika ili mwenzangu asiharibu mbao kama mimi.

Mbili za kwanza zilikuwa na sauti butu, na ubao wa juu ulibonyea hata kwa kidole gumba. Nilibadili nyuzi, nikasogeza kile kijiti kinachosimama ndani kati ya ubao wa juu na wa chini, nikaukwangua ubao. Ukazidi kulegea.

Mbao ilikuwa sprusi, mti wa jamii ya msonobari, ya milima ya Alpi huko Ulaya, mistari imenyooka na kubanana. Lakini nilikuwa naitazama usoni tu. Safari hii nilichagua kipande kilichopasuliwa kwa shoka, si kwa msumeno, nikakigeuza upande uliokuwa na gome, nikadondosha tone la wino mwepesi. Wino hufuata nyuzinyuzi za mti. Kwenye hiki ulikwenda sambamba na ukingo. Kwenye masalio ya mbao zangu za zamani ulikimbia mshazari! Nyuzinyuzi zilizokatwa hivyo hupungukiwa nguvu ya kubeba mkazo wa nyuzi za fidla, hata mbao iwe nzuri namna gani kwa macho.

Kisha nikakipima kwa mizani kila wiki. Uzito ulipoacha kushuka, yaani kimekauka, ndipo nikashika patasi.