Gudi la London lililoinua meli kwa nguvu ya maji

Nimekulia Mikindani, ambako chombo hutengenezwa kwa kuyangoja maji. Marehemu babu yangu, aliyekuwa fundi wa majahazi, alikuwa akikijahabu chombo, yaani kukipandisha pwani, wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, kisha maji yakishakupwa hukiegemeza kwa magogo, hukwangua mwani uliogandamana, huziba nyufa kwa kalafati na kupaka deheni ya chokaa na shahamu. Kazi isipokwisha kwa wakati, chombo hubaki nchi kavu hadi bamvua linalofuata, yaani karibu wiki mbili. Kwa sababu hiyo habari za Victoria Dock ya London zilinigusa tangu nilipozisoma mara ya kwanza.

Bandari hiyo ilifunguliwa mwaka 1855, ikiwa imejengwa na wakandarasi Samuel Morton Peto, Thomas Brassey na Edward Betts kwa ajili ya meli kubwa za mvuke, na ndiyo ya kwanza London kuunganishwa moja kwa moja na reli. Lakini kwangu mimi uzito wa historia yake uko kwenye gudi lake la kukarabatia meli. Magudi ya kawaida yalikuwa mashimo makubwa yenye lango: meli huingia, lango hufungwa, maji hupigwa pampu hadi yaishe, na gudi zima hushikwa na meli hiyo mpaka mafundi wamalize. Mhandisi Edwin Clark, aliyekwisha kushuhudia mabomba makubwa ya Daraja la Britannia huko Wales, ambamo treni zilipita ndani yake, yakipandishwa kwa mashine za shinikizo la maji, alifuata njia nyingine kabisa.

Alisimamisha safu mbili za nguzo za chuma, 16 kila upande, na ndani ya nguzo kukawa na pistoni zilizosukumwa na maji. Kati ya safu hizo ilizamishwa pantoni (siyo kivuko kama kile cha Msangamkuu, bali jahazi bapa la chuma lisilo na injini), meli ikaelea juu yake, kisha pistoni zikavivuta vyote viwili juu ya maji. Maji yaliyokuwa ndani ya pantoni yalitoka kupitia vali, vali zikafungwa, na iliposhushwa tena pantoni ilielea ikiwa imeibeba meli mgongoni. Hapo ilikokotwa hadi kwenye kidimbwi cha maji mafupi, mafundi wakaanza kazi, na mtambo ukawa tayari kupokea meli nyingine. Mtambo mmoja uliweza hivyo kuhudumia meli kadhaa kwa pamoja, jambo ambalo naliona ni busara kubwa kuliko nguvu zenyewe za pistoni.

Meli ziliendelea kurefuka na kuongezeka uzito hadi mtambo ukazidiwa. Mwaka 1880 ilifunguliwa Royal Albert Dock jirani, ikiwa na magudi makavu mawili, yaani ya mashimo yenye lango, na bandari zote hizo zilifungwa kwa meli za biashara mwaka 1981. Siku hizi abiria wa treni hushuka kwenye kituo kiitwacho Pontoon Dock, karibu na mahali ambapo pantoni za Clark zilikuwa zikiegeshwa na meli zake mgongoni.