Jinsi nilivyofanya fomu ya maonyesho ikubali picha ya kazi yangu

Wasanii wenzangu mnaohangaika kutuma kazi kwenye maonyesho yenye majaji, leo fomu yangu imepita. Acha niandike kabla sijasahau.

Kazi yenyewe ni lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, nilichokishona kwa uzi mweusi. Fomu ilitaka picha ya JPEG yenye upande mrefu usiopungua pikseli 1920. Kila nikipakia, jibu ni kwamba picha ni ndogo. Nikapiga upya kwa simu ya rafiki yenye kamera nzuri, wapi! Nikaikuza kwa programu; ikapita, lakini mishono ikageuka uji. Na majaji wa mchujo wa kwanza mara nyingi huona picha tu, hawaligusi gome.

Kijana wa kafe ya intaneti pale Wandegeya, Kampala, ndiye aliyefungua maelezo ya faili: 1600 kwa 1200. Kwenye simu, picha hiyohiyo ilikuwa 4000 kwa 3000! Kumbe ilikuwa inapungulia njiani, maana nilikuwa najitumia kwa WhatsApp, na picha ya kawaida hubanwa humo ili isile bando.

Basi fanya hivi: gusa alama ya kiambatisho, usichague picha, chagua hati, kisha uitafute picha yako humo. Itafika kama ilivyo. Waya wa USB pia unafaa, ukipata usiolegea. Kwenye kompyuta angalia vipimo tena ndipo upakie.

Yangu sasa inaonyesha hadi nyuzinyuzi za gome. Majibu ya majaji bado.