Siku moja saibani kwangu Malindi: fomu, vikundi na pesa za serikali

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ishaanza kuita. Ni mama mmoja wa Marafa, mweka hazina wa kikundi chao, yuko steji anangoja gari la kwanza na ataka kujua nafungua saa ngapi manake wanakuja watatu na nauli wamechangishana, hawataki iende bure. Nikamwambia mama njooni tu mtanikuta. Mimi nina saiba ndogo hapa Malindi karibu na soko la zamani, kompyuta tatu, printa na mashine ya fotokopi, na watu wengi wakipita wanaona ni mahali pa kuchapisha makaratasi basi. Lakini ukikaa na mimi siku moja utaona kazi yenyewe hasa ni kumkalisha mtu chini na kumwonyesha pesa ya serikali ipi inafaa biashara yake na ipi itamuumiza, manake zote zinatangazwa redioni kwa sauti moja kama vile ni kitu kimoja.

Saa moja nishafungua, stima iko, namshukuru Mungu. Mama wa mahamri anapita na ndoo yake, nachukua mahamri na mbaazi za nazi, na huyu mama nitamsema hapa kwa sababu sijaona mtu anayeitumia Hustler Fund, ule mfuko wa serikali wa kukopesha watu kwa simu, vizuri kama yeye. Ule mfuko ulipozinduliwa mwisho wa Novemba 2022 alipiga *254# kwa kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, akapewa mia tano, akalipa kabla ya siku 14 kwisha, akakopa tena, akalipa, kiwango kikapanda polepole. Siku hizi akikopa elfu mbili mkononi inaingia 1,900, hiyo mia ni asilimia 5 inayowekwa akiba kwa jina lake, na riba ni asilimia 8 lakini ya mwaka mzima, kwa hizo siku 14 haifiki hata shilingi saba. Shilingi saba! Shailoki, yule mkopeshaji wa riba kubwa wa mtaani, kwa elfu mbili hiyohiyo angemtoa machozi. Sasa angalia biashara yake ilivyo, ananunua unga na sukari na nazi leo, anakanda usiku, anachoma alfajiri, kufika saa tatu pesa yote ishamrudia mkononi. Mkopo wa siku 14 kwake ni muda mrefu sana. Mtu kama huyu akiniuliza namwambia kopa mama, usiogope.

Ubaya unakuja pale mtu wa biashara ya msimu naye akiambiwa na jirani kwani wewe huna simu, piga namba. Anapiga, anapewa elfu tano, ananunua chumvi na mitungi, siku 14 zinafika maembe hata juani hayajakauka. Hapo ndipo anaingia kwa zile apu za mikopo ili alipe mkopo, na akishaingia huko kutoka ni shida.

Saa tatu kasoro wale kina mama wa Marafa wakafika. Wao kazi yao ni mabuyu. Wanaokota, wanapasua, wanauza kwa gunia kwa matajiri wanaokuja na magari, na bei anasema mwenye gari. Wanataka wapate mashine ya kutenganisha unga na kokwa, na wapike wenyewe mabuyu ya rangi na iliki wapeleke maduka ya hapa mjini. Yule mkubwa wao, bibi mtu mzima, akaniambia mwanangu mwaka ule walikuja watu wakang'oa mibuyu mizima na mizizi yake kupelekwa ng'ambo, na sisi tulioishi chini ya hiyo mibuyu hatuna hata mashine moja. Ni kweli, 2022 mibuyu ya huku kwetu Kilifi ilikuwa inang'olewa kupelekwa nchi ya Georgia mpaka Rais akaamuru isimamishwe, watu wengi wanakumbuka zile picha za mti mzima umelazwa kwenye trela. Maneno ya yule bibi yaliniingia sana.

Haya, kazi. Wanataka kusajili kikundi. Kwa ile sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 mnatakiwa muwe watu wasiopungua kumi, muwe na katiba yenu, minits za kikao mlichochagua viongozi, majina na vitambulisho vya kila mtu, kisha mnapeleka ofisi ya maendeleo ya jamii. Wao wamekuja na majina manane. Kumbe walikuwa kumi na mmoja, watatu wakajitoa usiku wa kuamkia leo, wameambiwa na waume zao ukiandika jina lako kwa karatasi ya serikali umeshaingia deni. Nikawaambia wapigieni simu hapahapa, niwekeni kwa spika. Tukaongea nao, nikawaeleza kusajili si kukopa, cheti cha usajili hakina deni lolote ndani yake, unaweza kukaa nacho na usikope hata senti. Wawili wakakubali, wakatuma picha za vitambulisho kwa WhatsApp kupitia simu ya kijana wa dukani. Wa tatu alikataa na tukamheshimu.

Kwenye katiba ndipo tulipokaa sana, karibu saa mbili. Kuna watu wanauza katiba ya kikundi ishaandikwa, wewe unabadilisha jina tu unalipa unaenda. Mimi sipendi, manake siku ya ugomvi ile karatasi haimsaidii mtu yeyote. Nawauliza mmojammoja, mwenzenu akifariki pesa zake anapewa nani, akihama je, asipochanga miezi mitatu mtamfanyaje. Yule bibi akauliza swali ambalo naona lingefaa liwe ndani ya kila katiba ya kikundi cha kina mama huku kwetu, akasema na mume wangu akija kudai ile pesa akisema ni yake kwa sababu mimi ni mke wake? Wakanyamaza wote. Wakajadiliana kwa Kigiriama mpaka wakaafikiana, tukaandika pesa ya kikundi ni ya kikundi, haitoki benki bila saini za viongozi watatu, na mtu asiye mwanachama hana dai lolote hata awe ni nani kwa mwanachama. Bibi akaomba nimsomee tena hicho kifungu, nikamsomea, akaweka kidole.

Saa tano watu wakawa wamejaa. Kijana wa bodaboda ataka PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, lakini anaogopa akiipata ataanza kukatwa kodi kesho yake. Nikamweleza kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 tangu 2023, inaanzia kwa biashara ya zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka, yeye kama hana kipato cha kutozwa cha muhimu ni kujaza ritani yake kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni hata kama ni ya sufuri, asije akapigwa faini ya bure. Wakaja wavuvi wa Ngomeni kuchapisha hesabu zao. Hawa walipita kwa mradi wa uvuvi wa KEMFSED, ule wa Benki ya Dunia na serikali kwa kaunti tano za Pwani, Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu. Ile ilikuwa ruzuku, hurudishi, lakini kila risiti inatakiwa ionekane, na hawa risiti zao wamezipanga kwa faili utafikiri ni wahasibu. Nilifurahi kuwaona.

Saa sita na nusu nikamwachia mdogo wangu duka, nikaswali, nikala wali na samaki haraka haraka, nikaenda kufuatilia faili la kikundi cha Ganda kwenye ofisi moja. Faili liko, limekaa tu, linangoja afisa aende akakione kikundi kwa macho yake kabla halijasogea. Afisa ni mmoja. Eneo lake ni kubwa, pikipiki iko lakini mafuta hakuna, na meza yake imejaa mafaili ya watu. Simlaumu yeye, ananijibu vizuri na kazi anaijua. Lakini lazima niseme ninachokiona. Mfuko wa vijana ulianza 2006, wa kina mama 2007, Uwezo Fund ikaja 2013, Hustler Fund 2022, kila serikali inaingia na mfuko wake na jina lake na uzinduzi wake, na yule afisa wa kwenda kijijini kukaa na watu chini ya mwembe akawaambia hii inawafaa hii haiwafai, huyo haongezwi. Pesa bila mtu wa kuifafanua inaishia kwa wale wanaojua kusoma tangazo, nao kwa kawaida hawako Marafa wala Baricho. Ningekuwa na uwezo wa kuomba kitu kimoja bajeti ijayo ningeomba maafisa wa wadi na mafuta ya pikipiki, hata kabla ya mfuko mwingine.

Saa nane fundi cherehani mmoja alikuja tumalize maombi yake ya cheti cha AGPO, kile cha kukuruhusu kuomba zabuni zilizotengwa. Kuna asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, kina mama na watu wenye ulemavu, na cheti chenyewe hakilipiwi, ukiona mtu anakudai pesa ya cheti jua ni yake mfukoni. Huyu dada anashona yunifomu nzuri sana. Ninachomwambia kila siku ni ajiwekee akiba ya vitambaa kwanza, manake kupata zabuni ni jambo moja na kulipwa kwa wakati ni jambo lingine.

Saa kumi nikapanda bodaboda kwenda Ganda. Kikao ni chini ya mwembe wa mwenyekiti, mikeka ishatandikwa, daftari la michango liko wazi katikati. Hawa wanatengeneza achari ya maembe na mafuta ya nazi, wamesajiliwa, akaunti ya benki wanayo, kila mwezi wanachanga na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, na hayo yote ndiyo Uwezo Fund inataka kuona kabla haijawatazama. Leo tunajaza kiasi cha kuomba. Uwezo inatoa kuanzia elfu 50 mpaka laki tano kwa kikundi, riba haina, kuna ada ya asilimia 3 mara moja, na miezi sita ya mwanzo hamrudishi kitu.

Binti mmoja, mdogo kuliko wote, msomi, alitaka waombe laki tano nzima. Hoja zake zilikuwa na nguvu, wanunue mashine ya kukamua nazi, watafute alama ya KEBS, shirika la viwango vya bidhaa, manake bila hiyo supamaketi hazichukui chupa yao, wachapishe lebo nzuri. Mama mwingine akasimama, sauti inamtetemeka, akaeleza jinsi shailoki alivyokuja nyumbani kwake akabeba cherehani na mitungi ya gesi mbele ya watoto kwa deni lililoanza na elfu tatu. Akasema mimi laki tano sitaki kuisikia. Watu wakaanza kupandishiana sauti.

Mwenyekiti akanigeukia, mwanangu tufanyie hesabu. Mimi kiasi siwachagulii, pesa ni yao na deni ni lao, nikachukua daftari nikachora miezi kumi na miwili. Maembe yanakuja mwisho wa mwaka mpaka mwanzo wa mwaka unaofuata. Pesa ikiingia Oktoba wananunua chumvi, mafuta, viungo na chupa, maembe wanayakata na kuyaanika msimu wote, achari inauzwa mpaka Machi na kuendelea, na marejesho yanaanza Aprili wakati pesa ya mauzo ishaingia. Hapo iko sawa kabisa. Lakini pesa hiyohiyo ikichelewa ikaingia Februari maembe yanaishia, na marejesho yataanza Agosti hawana achari ya kuuza. Mkopo ni uleule, kikundi ni kilekile, tofauti ni mwezi tu. Yule mama wa cherehani akasogea akaangalia ile michoro, akaniuliza sasa ikichelewa tufanye nini?

Binti ndiye aliyejibu. Akasema nazi haina msimu, nazi iko mwaka mzima, basi tuandike mipango miwili ndani ya ombi, pesa ikija kabla ya Desemba inaenda kwa achari, ikija baadaye inaenda yote kwa mafuta ya nazi na achari ingoje mwaka mwingine. Nikamwangalia nikasema moyoni huyu mtoto afikishwe mbali. Wakapiga hesabu upya kwa bei za kweli, chupa, viungo, ada za KEBS, mbuzi ya kukunia nazi ya umeme badala ya ile mashine kubwa, ikafika laki moja na nusu. Ada ya asilimia 3 ni 4,500, wakagawana wao kwa wao wakaona kila mmoja mzigo wake haumshindi. Mikono ikanyooshwa, mama wa cherehani naye akanyoosha. Katibu akaandika kwenye minits jina kwa jina.

Nilirudi magharibi ishaingia. Saa mbili usiku nikakaa na laptopu nyumbani kuichapa ile mipango miwili, ukurasa wa achari na ukurasa wa mafuta ya nazi, na jedwali la marejesho la kila mpango. Kwenye saa tatu mwenyekiti akanipigia, ameulizia bei ya chupa za nusu lita kwa muuzaji mwingine amepata ya chini, nibadilishe. Nimebadilisha. Pesa iliyobaki hapo wamesema waongezee viungo, kwa hiyo jumla ni ileile laki moja na nusu, na kesho asubuhi katibu anapitia saibani kuchukua nakala ili wote watie saini kabla ya Ijumaa.