Siku Mwalimu Alipoazima Fidla Yangu

Mwalimu wetu alikuwa kondakta, lakini kila aliyeketi mbele yake alijua kwamba moyoni alibaki kuwa mpiga fidla. Kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa fidla za kwanza katika okestra kubwa, kwenye kiti kile cha mbele kilicho kushoto kwa kondakta, hadi vidole vya mkono wake wa kushoto vilipoanza kufa ganzi. Akaiweka fidla, akashika kijiti cha kuongozea. Sisi vijana wake hatukuwahi kumsikia akipiga, na habari za ule mkono hakuzizungumzia.

Tulikuwa tukiandaa Serenade ya mtunzi Mwingereza Edward Elgar, ya mwaka 1892. Ni kazi ya nyuzi peke yake: fidla, viola, selo na besi, hakuna tarumbeta wala ngoma ya kukufichia. Sehemu ya kwanza, ile inayofunguliwa na viola kwa mdundo wao mfupi, ilitutii mapema. Iliyotushinda ni ya katikati, Larghetto. Inataka mwendo wa polepole na sauti ya chini, na kijana akiambiwa apige kwa sauti ya chini huubana upinde kwa woga. Sauti yetu ilikuwa ndogo kweli, lakini ilikuwa imekufa. Mwalimu alitusimamisha mara kadhaa. “Punguzeni uzito, msipunguze uhai,” alisema. Tukarudia, ikawa vilevile.

Akakilaza kijiti kwenye stendi ya noti, akashuka jukwaani, akaja hadi kwenye kiti changu. “Mwanangu, hebu niazime.”

Kwanza alikichomoa kiegemeo cha bega, akanipa nikishike, kwa kuwa yeye alisoma zamani bila kifaa hicho. Akaigusa kila waya kwa kidole gumba, akasikiliza, akazungusha kigingi kimoja kidogo sana. Kisha akaiweka fidla chini ya kidevu, na ukumbi mzima ukatulia.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona manyoya ya upinde yakigusa waya. Alianzia nchani, mahali ambapo upinde ni mwepesi wenyewe, akausogeza mbali na daraja, kile kibao kinachoziinua waya, kuelekea kwenye ubao wa vidole, ambako sauti hulainika. Hayo tulikuwa tumeshafundishwa. Nilichokuwa sijapata kukiona ni mwendo wa mkono wake. Ndani ya mvuto mmoja tu, upinde ulianza taratibu, ukaongeza kasi kidogo wimbo ulipokuwa ukipanda, halafu ukapunguza tena, bila sauti kukua hata chembe. Wimbo ulikuwa unatembea. Na kiwiko hakikusimama hata pale alipobadili upinde kutoka kuvuta kwenda kusukuma, ndiyo maana huwezi kusikia ni wapi amebadili.

Mkono wa kushoto nao niliuona. Kidole cha nne, kile kidogo cha mwisho, hakukitumia kabisa. Kila palipokihitaji aliuhamisha mkono mzima na kuifikia noti kwa kidole cha tatu, akiteleza juu ya waya. Mteleze ule ulisikika, na kwa masikio yangu ulikuwa mzuri kuliko kufuata namba za vidole zilizochapishwa kwenye noti zetu. Ukisikiliza rekodi ambazo Elgar mwenyewe aliziongoza, utawasikia wapiga fidla wa enzi hizo wakiteleza namna hiyohiyo bila aibu. Siku hizi wengi wanauonea haya mteleze huo, na mimi naona tumejinyima.

Alinirudishia fidla bila maneno, akapanda jukwaani, akainua kijiti. Hapo ndipo nilipomwelewa kama kondakta. Kifundo cha mkono kilitangulia, ncha ya kijiti ikafuata nyuma kidogo, ikaongeza kasi, ikapunguza: ulikuwa ni ule upinde, sasa umo hewani. Tulipiga Larghetto hadi mwisho bila kusimamishwa. Wenzetu wa selo, ambao kutoka walikokaa hawakuweza kuona vidole wala upinde, walibadilika pamoja nasi.

Wakati wa mapumziko nilimfuata. Alinisimulia habari za Elgar kama mtu anayemtaja mkubwa wa ukoo wake. Kwamba alikuwa mtoto wa mwenye duka la muziki na mrekebisha piano wa Worcester, akajifunza fidla, akaenda London kwa mwalimu wa fidla Adolf Pollitzer akitaka kuwa msolo, yaani mpigaji wa peke yake, kisha akaiacha ndoto hiyo kwa kuona sauti yake haijashiba. Akabaki kufundisha fidla, kutunga na kuongoza. Mwaka 1910 aliongoza onyesho la kwanza la konsato yake ya fidla, kazi ya msolo mmoja na okestra, msolo akiwa mpiga fidla Fritz Kreisler. Mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 75, aliirekodi kazi hiyohiyo katika studio za Abbey Road pamoja na mpiga fidla kijana wa miaka 16, Yehudi Menuhin, ambaye naye baadaye alishika kijiti na kuongoza okestra hadi uzeeni.

Nikamuuliza kwa nini hatupigii mara nyingi zaidi, kwani dakika zile chache zilitufaa kuliko maelezo ya wiki nzima.

“Nikipiga mtanisikiliza mimi,” alisema. “Leo ilibidi. Lakini kazi yangu ni kuwafanya msikilizane.”

Kisha akaomba penseli. Akaiweka karatasi yangu ya noti juu ya goti, akazikata namba za vidole zilizokuwa juu ya mstari wa Larghetto, akaandika zake: moja, mbili, tatu, nne haimo. Usiku wa tamasha nilizifuata zote kama alivyoziandika, ingawa kidole changu cha nne kilikuwa kizima.